Mkate na Mkatale: Je, Yafaa Kuwahukumu Waliokufa?

Wahenga walisema kwamba msema pweke hakosi. Maana yake ni nyepesi: mtu asemaye peke yake, pasipo mwenziwe wa kumjibu wala shahidi wa kumpinga, hana budi kushinda shauri. Methali hii aghalabu twaifundisha darasani kwa mifano ya nyumbani: jirani aliyemsengenya jirani yake, au ndugu aliyewahi kufika barazani kabla ya nduguye. Lakini liko shauri moja kubwa ambalo daima husikilizwa upande mmoja tu, nalo ni shauri baina ya walio hai na waliokufa. Walio hai ndio washtaki, ndio mashahidi, tena ndio mahakimu. Wafu hawana wakili. Je, katika shauri la namna hii haki yaweza kupatikana? Na ikiwa haipatikani, anayepata hasara ni nani: ni wafu peke yao, au ni sisi pia?

Swali hili halikutujia kutoka vitabuni. Lilitujia darasani. Katika shule mojawapo ya nchi zetu hizi za Maziwa Makuu, wanafunzi walipewa insha juu ya maisha ya watu wa kale, kila mmoja akiruhusiwa kuchagua taifa alipendalo. Kijana mmoja akachagua Ulaya ya Zama za Kati. Akaandika kwamba watu wale walikula nyama iliyooza na kuificha harufu yake kwa viungo, kwamba hawakunywa maji kabisa, bali pombe tu tangu asubuhi hadi usiku, kwamba hawakuoga, na kwamba mtu akikosea hata kidogo alifungiwa ndani ya sanduku la chuma lililojaa misumari. Kwa upande wa lugha insha ilikuwa nzuri. Ngeli zilikaa sawasawa, na methali zilitiwa mahali pake. Wenzake waliposomewa walicheka hadi machozi, na mwalimu akatoa alama za juu. Mwenzetu mmoja, mzee wa kazi hii, akamwuliza kijana jambo moja tu: "Haya yote, mwanangu, umeyajuaje?" Akajibu: "Nimeyaona katika filamu, mwalimu." "Na huyo aliyeitengeneza filamu, yeye aliyaona wapi?" Pale hapakuwa na jibu.

Ndugu walimu, hapa twapenda kulifuata swali la mzee yule hadi mwisho wake.

Jina lililotolewa na wengine

Zama za Kati ni jina la miaka elfu moja hivi ya historia ya Ulaya, tangu mwaka 500 hadi mwaka 1500 kwa makadirio. Yafaa tukumbuke kwamba watu wa zama hizo hawakujiita hivyo. Hakuna mtu ajionaye kuwa anaishi "katikati". Kila kizazi hujiona kuwa kiko mwisho wa safari. Jina hilo lilitolewa na wanavyuoni waliokuja baadaye, ambao waliipenda mno Roma ya kale na kujiona wao wenyewe kuwa warithi wake. Mtaliano Francesco Petrarca, aliyeishi kati ya 1304 na 1374, ni miongoni mwa wa kwanza kuzieleza karne zilizofuata kuanguka kwa Roma kuwa ni karne za giza. Tangu hapo neno "giza" likashikamana na zama hizo kama kupe na ng'ombe.

Sisi twalijua neno hilo. Mwaka 1878 Henry Morton Stanley alichapisha kitabu cha safari yake katikati ya Afrika, na katika jina la kitabu hicho akaliita bara letu Bara la Giza. Wazee wetu waliokuwa wakilima, wakifua chuma, wakihukumiana barazani na kutambiana ngano wakati wa jioni hawakuwa na habari kwamba wako gizani. Giza lilikuwa machoni mwa msafiri. Basi watu waliowahi kupewa jina hilo na mgeni ndio wapasao kuwa wa kwanza kulichunguza wanapoliona limebandikwa kwa wengine, hata kama wengine hao ni mababu wa Stanley mwenyewe.

Mkate

Tuanze na chakula, maana anayetaka kumjua mtu hutazama kwanza chungu chake.

Mtu wa kawaida katika Ulaya ya zama zile alikuwa mkulima, na chakula chake kikuu kilikuwa mkate. Tajiri alikula mkate mweupe wa ngano. Maskini alikula mkate mweusi wa shayiri na nafaka nyingine duni, na wakati wa dhiki akachanganya unga wa maharagwe. Pamoja na mkate kulikuwa na rojo zito la kunde, njegere, kabichi na vitunguu, lililochemka polepole katika chungu kimoja. Jibini na mayai vilipatikana kwa kadiri. Nyama ilikuwa chache kwa maskini, na iliyopatikana aghalabu ilitiwa chumvi au kukaushwa kwa moshi. Siku za mfungo, ambazo kwa kalenda ya Kanisa zilikuwa nyingi, kila mtu mwenye uwezo alikula samaki. Viazi, mahindi na nyanya havikujulikana kabisa, kwa sababu asili yake ni Amerika, na havikufika Ulaya kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kwa hiyo tuonapo katika filamu mkulima wa karne ya 13 akimenya kiazi, tujue kwamba tunasimuliwa na mtu asiyeuliza.

Je, nyama iliyooza? Tufikiri pamoja. Pilipili manga ilitoka pwani ya Malabar huko Bara Hindi, na karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, mbali zaidi mashariki, karne nyingi kabla ya mkarafuu kupandwa Unguja. Vilivuka bahari kwa majahazi yaliyofuata pepo za msimu, vikapita mikononi mwa wafanyabiashara wengi, kila mmoja akiongeza faida yake, hata vikafika Venice na miji mingine. Bei yake ilikuwa kubwa. Mtu aliyeweza kununua pilipili manga alikuwa na uwezo wa kununua nyama nzuri iliyochinjwa siku ile. Kutumia viungo vya namna hiyo kuokoa nyama iliyooza ni sawa na kufunga mtumba kwa hariri. Na hayo maji yasiyonywewa? Mwaka 1245 mji wa London ulianza kujenga mfereji wa kuleta maji ya chemchemi kutoka Tyburn hadi sokoni Cheapside, ili watu wapate maji safi. Watu wasiokunywa maji hawajitaabishi kiasi hicho. Na huko Paris, kitabu cha sheria za mafundi kilichokusanywa na Étienne Boileau katika karne hiyo hiyo kina kanuni za wenye mabafu ya kuogea watu wote.

Hatusemi haya ili kuwapamba watu wale. Njaa waliijua. Mwaka 1315 mvua zilinyesha mfululizo, mazao yakaoza mashambani, na dhiki ikaendelea hadi 1317, mahali pengine zaidi. Katika mji wa Ypres, mwaka 1316, karibu mtu mmoja katika kila kumi alifariki. Kisha, kati ya 1347 na 1351, tauni iliua theluthi moja ya watu wa Ulaya, au zaidi. Hao ndio watu tunaowacheka: watu waliojua hakika kwamba mkate waweza kukosekana.

Na kwa kuwa walilijua hilo, mkate kwao haukuwa bidhaa tu. Ulikuwa amana. Katika Uingereza, sheria ya karne ya 13 iliyohusu mkate na pombe ilipanga jambo la busara: bei ya mkate ilibaki ile ile, bali uzito wake ulibadilika kufuatana na bei ya ngano. Ngano ikiwa rahisi, mkate wa senti moja uliongezwa uzito. Ngano ikiwa ghali, ulipunguzwa. Maskini mwenye sarafu moja hakukosa kitu cha kununua. Kila mwokaji alitakiwa kutia alama yake katika mikate yake, ili akipunja ajulikane. Na hapa ndipo mkate unapokutana na mkatale.

Mkatale

Neno letu mkatale ni la zamani: mbao zilizotobolewa matundu, mtu akafungwa miguu humo. Ulaya walikuwa na mkatale wa miguu, na walikuwa na mwingine wa kusimama, ulioshika shingo na mikono, mtu akaonyeshwa sokoni mbele ya halaiki.

Katika kitabu cha desturi za mji wa London kilichokusanywa mwaka 1419 imeandikwa adhabu ya mwokaji apunjaye. Kosa la kwanza, aliburutwa juu ya ubao katika njia zenye watu wengi na uchafu mwingi, mkate wake mpungufu ukiwa umetundikwa shingoni. Kosa la pili, aliburutwa, kisha akasimamishwa katika mkatale kwa muda wa saa moja. Kosa la tatu, tanuri lake lilibomolewa, naye akaapa kuiacha kazi ile katika mji ule. Mwaka 1327 alishtakiwa mwokaji mmoja aitwaye John Brid, pamoja na wenziwe kadhaa. Majirani walikuwa wakimletea donge lao ili awaokee mkate. Yeye alikuwa ametoboa tundu katika meza yake, na chini ya meza akamweka mtumishi, ambaye alichota unga uliokandwa kidogo kidogo huku wenyewe wakitazama juu. Waliopatikana na hila hiyo walisimamishwa mkataleni, na wale ambao donge lilikutwa chini ya meza zao wakavikwa donge lile shingoni. Mwaka 1364 John Penrose, aliyewauzia watu mvinyo mbovu, alihukumiwa kunywa sehemu ya mvinyo ule, uliobaki ukamwagwa kichwani pake, naye akapigwa marufuku kuuza mvinyo katika mji ule. Na aliyeuza nyama iliyooza, ile nyama ambayo eti kila mtu aliila kwa furaha, alisimamishwa mkataleni na nyama yake ikachomwa moto chini ya pua yake.

Tuzitazame adhabu hizi kwa makini. Ni za aibu, na sisi leo hatungependa kuzirejesha, kwa maana kumfedhehesha mtu mbele ya halaiki huwafundisha watazamaji ukatili, na waliokuwa wakimtupia uchafu mtu asiyeweza kujikinga hawakurudi nyumbani wakiwa wema zaidi. Hata hivyo hazikuwa za kipumbavu. Adhabu ilifanana na kosa, kila mpita njia akaelewa nani ameibiwa na ameibiwa nini. Yeye aliyemwibia maskini mkate alionekana kuwa amegusa kitu kitakatifu. Ni nani kati yetu awezaye kusema kwamba katika miji yetu ya leo mwuza unga uliochanganywa, au mwenye mizani iliyotegwa, huogopa kiasi kile?

Lakini kulikuwa na adhabu nyingine ambazo hatuna neno la kuzitetea. Mwaka 1305 William Wallace wa Uskoti aliburutwa katika njia za London, akanyongwa, akatumbuliwa angali hai, kisha mwili wake ukakatwa vipande. Katika nchi kadhaa wahalifu walivunjwa mifupa kwa gurudumu. Wazushi wa dini walichomwa moto. Kwa karne nyingi mshtakiwa aliweza kulishwa kiapo cha moto au cha maji, jambo ambalo wasomaji wetu wanaokumbuka habari za mwavi na shoka la moto hawatalistaajabia. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliwakataza mapadri kubariki viapo hivyo. Lilikuwa jambo jema. Lakini matokeo yake yalikuwa machungu: mahakimu wa nchi nyingi, kwa kuwa hawakuweza tena kumwachia Mungu ushahidi, walitafuta maungamo ya mshtakiwa mwenyewe, na pale asipoungama kwa hiari wakamtesa. Mwaka 1252 Papa Innocent IV aliruhusu mateso kutumiwa dhidi ya wazushi. Basi mateso hayakutoka kwa watu wasio na sheria. Yalitoka kwa wanasheria waliotaka uhakika. Fundisho hilo ni zito kuliko filamu zote.

Wala huruma haikukosekana. Mkimbizi aliyeingia kanisani Uingereza alipewa siku 40 za kukaa salama, kisha akaweza kuapa kuihama nchi badala ya kunyongwa. Wazee wa baraza waliokaa kuamua mashauri mara nyingi walimwachilia mtu waliyemjua. Na kwa sisi walimu iko habari moja ya kutafakari: kwa kuwa makasisi hawakuhukumiwa kifo na mahakama za mfalme, na kwa kuwa dalili ya ukasisi ilikuwa kusoma, ilifika wakati mshtakiwa aliyeweza kusoma mstari mmoja, aghalabu mwanzo wa Zaburi ya 51, aliokoa shingo yake. Yule asiyejua kusoma, kwa kosa lile lile, alinyongwa. Hapo herufi ilikuwa uhai. Tena hapo ndipo elimu ilipokuwa dhuluma, kwa kuwa haikugawiwa wote.

Hata nguruwe walipelekwa mahakamani. Katika kijiji cha Savigny, Ufaransa, mwaka 1457, nguruwe jike alishtakiwa kwa kumwua mtoto, akahukumiwa kunyongwa. Watoto wake sita walikutwa wametapakaa damu, lakini kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba walishiriki, hawakuuawa. Twacheka. Lakini kabla kicheko hakijaisha, tujiulize: ni watu wangapi, katika karne yetu yenye nuru, waliouawa barabarani na umati uliopiga kelele za "mwizi!", pasipo kupewa ile haki ya ushahidi waliyopewa vitoto vya nguruwe wa Savigny?

Bikira wa Chuma

Na sasa lile sanduku la misumari. Mwaka 1793 mwandishi Mjerumani, Johann Philipp Siebenkees, alieleza habari ya mtu aliyedaiwa kuuawa ndani ya sanduku hilo mjini Nuremberg mwaka 1515. Habari yenyewe haina ushahidi wa kabla yake. Katika karne ya 19 sanduku likaonekana Nuremberg, limeundwa kwa vipande vya vitu mbalimbali, likaitwa Bikira wa Chuma, watu wakalipa ili kulitazama. Likaigwa kwingine, na mwaka 1893 likaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago. Lile la Nuremberg liliharibiwa kwa mabomu katika Vita Vikuu vya Pili. Wanahistoria waliochunguza hawakupata dalili yoyote kwamba chombo hicho kilitumika katika Zama za Kati.

Namna hiyo hiyo ndivyo yalivyojengwa mengine mengi. Riwaya ya Walter Scott iitwayo Ivanhoe, iliyotoka mwaka 1819, iliwafungulia wasomaji mlango wa kuzipenda na kuziogopa zama hizo. Filamu Braveheart ya mwaka 1995 ilionyesha bwana wa Kiingereza akidai haki ya kulala na bibi arusi usiku wa kwanza. Wanahistoria hawajaona uthibitisho kwamba sheria hiyo ilikuwapo. Wengi wetu tumeaminishwa kwamba wachawi walichomwa hasa katika Zama za Kati. Kumbe msako mkubwa wa wachawi, uliowaua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 40,000 na 60,000, ulifikia kilele chake kati ya 1560 na 1650 hivi, wakati vitabu vilikuwa vimekwisha kupigwa chapa na wanazuoni walijiona wametoka gizani.

Kwa nini watu wa karne ya 19 walihitaji Bikira wa Chuma? Sisi twaona kwamba walimhitaji ili wajione wema. Mtu atazamaye misumari ile huondoka akisema: "Alhamdulillahi, sisi si kama wale." Lakini tuangalie tarehe. Mwanzoni mwa karne hiyo, sheria za Uingereza zilikuwa na makosa zaidi ya 200 yenye adhabu ya kifo, mengi kuliko yale ya Zama za Kati. Na mwaka 1893, wageni walipokuwa wakilitazama sanduku huko Chicago, katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II watu wetu walikuwa wakilazwa chini na kuchapwa kwa ngozi ya kiboko kwa sababu ya mpira na pembe. Upande wa Wajerumani mashariki mwetu kulikuwa na viboko hamsa ishirini. Lugha yetu imeyatunza hayo: mnyama wa mtoni akawa jina la fimbo, na hesabu ya Kiarabu ikawa jina la maumivu. Chombo ambacho hakikutumika kiliwekwa ndani ya kioo na kulaaniwa; chombo kilichotumika kilining'inia ukutani mwa afisa, na hakuna aliyelipa kiingilio kukitazama.

Liko dhara jingine, nalo ni la hila zaidi. Uongo juu ya wafu huwanyang'anya machozi wale waliostahili kuliliwa. Tarehe 14 Februari 1349, mjini Strasbourg, mamia ya Wayahudi walichomwa moto kwa kushtakiwa kwamba walitia sumu visimani na kuleta tauni, wakati tauni yenyewe ilikuwa haijafika mjini humo. Hao walikuwapo. Hao walikufa kweli. Lakini muulize kijana wetu wa insha: anaijua misumari ya sanduku, haijui Strasbourg. Uongo umekaa juu ya kiti cha ukweli, na wafu wa kubuni wamewaziba wafu wa hakika.

Hoja mbili

Hapa tutakutana na watu wa namna mbili. Wa kwanza husema: "Kila zama na mambo yake. Tusiwahukumu watu wa kale kwa mizani yetu." Hoja hii ina adabu, lakini haitoshi. Tukiifuata hadi mwisho, itatubidi tunyamaze hata mbele ya kiboko cha Kongo, maana nacho kilikuwa na zama zake. Tena si kweli kwamba watu wa zama moja huona mamoja. Aliyevunjwa kwa gurudumu hakuhitaji kusubiri karne ya 20 ili ajue kwamba anadhulumiwa. Papa Clement VI, katika mwaka 1348, alitangaza waziwazi kwamba Wayahudi hawakuleta tauni, kwani nao walikuwa wakifa kama wengine. Basi ukweli ulikuwapo siku zile zile. Waliotaka kuusikia waliweza kuusikia. Dhambi haigeuki kuwa desturi kwa sababu wengi wameitenda.

Wa pili husema: "Wale walikuwa washenzi, na sisi tumestaarabika." Hoja hii haina hata adabu. Nyani haoni kundule. Mtu huyu hatafuti kuujua ukatili. Anatafuta mahali pa kuuweka mbali na nyumba yake, nyuma katika karne zilizokwisha, ili asikutane nao asubuhi anapofungua mlango.

Sisi twashika njia ya tatu. Waliokufa wahukumiwe, ndiyo, kwa sababu kutomhukumu mtu ni kumhesabu kama mtoto au mnyama asiye na akili. Lakini wahukumiwe kama vile tungependa kuhukumiwa sisi na wajukuu wetu. Kwanza, kwa ushahidi, si kwa uvumi, na haki waliyopewa vitoto vya nguruwe wasinyimwe wanadamu. Pili, kwa kusikiliza wema wao pamoja na uovu wao: mfereji wa maji pamoja na moto, mkate uliopimwa pamoja na gurudumu. Tatu, na hili ndilo gumu, hakimu mwenyewe apande kizimbani. Kila tunapowauliza "Mliwezaje?", tujiulize "Na sisi twawezaje?"

Fimbo juu ya kabati

Twarudi sasa katika darasa lile. Wakati kijana alipokuwa akisoma habari za sanduku la misumari, na wenzake wakicheka ukatili wa watu wa zamani, juu ya kabati nyuma ya mwalimu palikuwa na fimbo. Kila mwanafunzi aliijua urefu wake. Wako waliokuwa wameionja asubuhi ile ile kwa sababu ya kuchelewa, kwa kuwa mvua ilinyesha na mto ulijaa. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho kuitazama, wala wanafunzi, wala mwalimu, wala sisi tuliokuwa wageni pale. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na Uganda ikaikataza kwa sheria mwaka 2016. Lakini sheria ni karatasi, na fimbo ni mti. Karatasi huwekwa faili, mti hubaki juu ya kabati.

Tungepata nafasi ya kulifundisha somo lile tena, tungeanza hivi. Tungemwambia kijana aichukue insha yake, na kando ya kila neno alilosema juu ya wafu aandike: nani alisema, lini, na alijuaje. Kisha tungewaomba wanafunzi wote waandike insha ya pili, yenye kichwa hiki: "Mambo ambayo wajukuu wetu watatushtaki kwayo." Na mwalimu naye aandike, akae dawati moja na wanafunzi wake, awasomee aliyoyaandika.

Mzee mwenzetu yule, tulipotoka darasani, hakusema neno juu ya Ulaya wala juu ya filamu. Alisimama kidogo mlangoni, akageuka, akaingia tena ndani. Aliitwaa ile fimbo, akaenda nayo bustanini mwa shule, akaichomeka ardhini kando ya mche wa nyanya uliokuwa ukiinama.